Bangi ndani ya samli: mambo ambayo kila nyumba ya Amu inafaa kuyajua

Kuna swali ambalo wasomaji wamekuwa wakiniletea kila mmoja kwa njia yake. Mzazi wa Langoni anauliza iwapo ni kweli kwamba kileja kimoja kinaweza kumlewesha mtoto hadi asiamke. Mwenye nyumba ya wageni Shela anauliza afanye nini mgeni akimwomba jiko ili apike "siagi yake". Kijana anayesoma chuo Mombasa anauliza watu wanaogopea nini bangi ya kula, na hali haina moshi wala haikohozi mtu.

Mimi si tabibu wala si mwanachuoni. Ni mwandishi, na kazi yangu hapa ni kukusanya yale yanayojulikana kuhusu jambo hili na kuyapanga ili msomaji ayapate mahali pamoja. Niseme mapema kwamba anayetafuta vipimo na namna ya kupika hatavipata hapa. Ninachotaka nyumba zetu zijue ni hiki: moshi hujitangaza, samli haisemi. Anayevuta bangi uchochoroni, mtaa mzima husikia harufu. Aliyeitia katika chakula ameifanya ifike kwa mtu ambaye hakuichagua, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto.

Ni kitu gani hasa

Kinacholevya ndani ya bangi ni kemikali iitwayo tetrahidrokanabinoli, kwa ufupi THC. Wanakemia Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni ndio walioitenga na kuieleza mwaka 1964. Katika jani bichi kemikali hii haijakamilika; iko katika umbo la asidi ambalo peke yake halilevyi sana. Joto ndilo linaloigeuza. Anayevuta huigeuza kwa kiberiti, na anayepika huigeuza kwa moto wa jiko.

Jambo la pili la kujua ni kwamba THC haiyeyuki katika maji, bali katika mafuta. Kwa hivyo anayetaka kuila huitia katika siagi, samli, mafuta ya kupikia au maziwa yenye mafuta mengi. Mafuta yakishaichukua, majani huchujwa na kutupwa, na kinachobaki ni samli ambayo kwa asiyejua ni samli tu. Samli hiyo inaweza kuingia katika keki, biskuti, chokoleti au mkate.

Sasa hebu tazama jikoni kwetu. Vileja ni unga wa mchele, sukari, hiliki na samli. Halua haipikwi bila samli. Mkate wa maji hupakwa samli, na pilau humaliziwa kwa samli. Kwa watu wanaopika hivi, mafuta yaliyotiwa kitu yana milango mingi ya kuingilia.

Si jambo geni katika bahari hii

Wako wanaodhani bangi ya kula ni mtindo wa vijana, umeletwa na simu na filamu za Marekani. Si kweli. Neno lenyewe, bangi, limetufikia kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara ya bahari. Na kamusi za Kiswahili za zamani zina neno maajuni, lenye asili ya Kiarabu, kwa maana ya kitu kitamu kilichochanganywa na bangi au afyuni. Wazee waliokuwa na jina la kitu hiki walikijua.

Mwaka 1839 daktari William O'Shaughnessy, aliyekuwa akifanya kazi Calcutta, aliandika jinsi maajuni yalivyotengenezwa huko kwa bangi, samli, maziwa na sukari. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, Waingereza waliunda tume ya kuchunguza bangi nchini India, iliyofanya kazi mwaka 1893 na 1894, na maajuni yalikuwa miongoni mwa vitu ilivyovieleza. Kilichobadilika leo ni nguvu ya mmea. Bangi inayolimwa sasa katika nchi nyingi imechaguliwa mbegu kwa miongo kadhaa ili iwe na THC nyingi kuliko ile ya zamani. Anayesema "hata wazee walikula" anazungumzia kitu kilichokuwa na nguvu nyingine.

Kwa nini ya kula si sawa na ya kuvuta

Moshi huingia mapafuni, ukapita katika damu na kufika ubongoni kwa dakika chache. Mvutaji hujua mapema amefika wapi, na akitaka huacha. Chakula kina njia ndefu. Hupita tumboni, kikaenda kwenye ini, na ini huigeuza sehemu ya THC kuwa kemikali nyingine iitwayo 11-hidroksi-THC, ambayo nayo inalevya na hupenya ubongoni kwa wepesi.

Matokeo yake ni haya. Aliyekula anaweza kukaa nusu saa, saa moja, hata saa mbili bila kusikia kitu. Kisha ulevi huja, hupanda kwa saa mbili hadi nne, na unaweza kuendelea kwa saa sita, nane au zaidi. Aliyekula baada ya Isha anaweza kuingia Alfajiri bado hajawa sawa. Tena, tumbo tupu na tumbo lililoshiba havipokei sawa, na watu wawili waliokula kipande kilekile huenda wasipate kitu kimoja.

Kipimo kisichopimika

Hatari kubwa ya siagi iliyopikwa nyumbani ni kwamba hakuna anayejua ndani mna kiasi gani. Mpishi hajui nguvu ya majani aliyonunua, hajui ni kiasi gani kimeingia katika mafuta, na hajui kama mafuta yamechanganyika sawasawa katika unga. Katika sinia moja, kipande cha pembeni kinaweza kuwa chepesi na cha katikati kizito.

Hata pale kipimo kilipokuwa kimeandikwa, watu wamepotea. Machi 2014, kijana wa miaka 19 kutoka Kongo-Brazzaville aliyekuwa akisoma Marekani alisafiri na wenzake hadi Denver, katika jimbo la Colorado, ambako kuuza bangi dukani kulikuwa kumeruhusiwa mwaka huohuo. Walinunua biskuti iliyokuwa na miligramu 65 za THC. Muuzaji aliwaambia ale kipande kimoja tu. Alikula kipande, akangoja kati ya nusu saa na saa moja, hakusikia kitu, akala biskuti yote iliyobaki. Akaanza kusema maneno yasiyoeleweka na kuwa mkali. Baada ya saa mbili na nusu tangu kumaliza biskuti, aliruka kutoka baraza la ghorofa ya nne akafa. Kituo cha kudhibiti maradhi cha Marekani (CDC) kilichapisha kisa hiki mwaka 2015.

Baada ya kifo hicho Colorado iliweka sheria kwamba kila kipande kiwe na miligramu 10 tu, kifungwe peke yake au kiwekewe alama inayoonekana. Canada iliporuhusu bangi ya kula mwaka 2019, iliweka miligramu 10 kwa pakiti nzima. Nchi zenye maabara na wakaguzi zimeona haja ya kubana kiasi hicho. Kijana anayepika chumbani kwake hana maabara, na wageni wake ndio wanaojaribiwa.

Watoto ndio wanaolipa

Mtoto haoni dawa, anaona peremende. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023, uliotazama watoto wa chini ya miaka sita waliokula bangi iliyo katika chakula, ulionyesha kwamba visa vilivyoripotiwa kwa vituo vya sumu vilikuwa 207 mwaka 2017, na kufikia 2021 vilikuwa 3,054. Wengi wa watoto hao walikipata chakula hicho nyumbani kwao. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano alilazwa hospitali.

Kwetu hatuna vituo vya sumu vya namna hiyo vinavyohesabu kila kisa. Tunachojua ni kwamba bangi imeenea. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria Wakenya 518,807 wa kati ya miaka 15 na 65 kuwa walikuwa wakitumia bangi wakati huo. Na mamlaka hiyo pamoja na polisi wameonya mara kadhaa kuhusu biskuti na keki zenye bangi zinazouzwa kwa wanafunzi mijini. Kitu kinachouzwa Mombasa kinapanda basi asubuhi na jioni kiko Mokowe.

Dalili, na la kufanya

Mtoto aliyekula bangi mara nyingi huonekana na usingizi usio wa kawaida. Hupepesuka anapotembea, macho huwa mekundu, maneno humpotea, na anaweza kutapika. Ikiwa amekula nyingi, pumzi hupungua, mwili hulegea, anaweza kupata degedege au kuzimia kabisa. Kwa sababu dalili hizi zinafanana na za malaria kali, homa ya uti wa mgongo au kugonga kichwa, daktari asipoambiwa anaweza kupoteza saa nyingi akitafuta maradhi mengine.

Ukishuku kwamba mtoto amekula, fanya hivi:

Usimtapishe. Mtoto mwenye usingizi akitapishwa, matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

Usimpe maziwa, ndimu, mafuta wala dawa ya kienyeji, wala usimmwagie maji baridi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondoa THC mwilini.

Mlaze kwa ubavu, angalia anavyopumua, na usimwache peke yake hata akionekana amelala tu.

Mpeleke hospitali bila kungoja "alale apone". Ulevi wa chakula huendelea kupanda kwa saa kadhaa, na mtoto anayesinzia sasa anaweza kuwa hapumui vizuri baadaye. Walio Faza, Kizingitini, Siyu na Pate wanajua kwamba safari ya kufika hospitali ya Amu inahitaji mashua na inategemea maji. Kwa hivyo uamuzi wenu inabidi uwe wa mapema kuliko wa mtu anayeishi Mkomani.

Chukua chakula kilichobaki uende nacho, na sema saa aliyokula.

Mwambie daktari ukweli. Hakuna dawa maalumu ya kuvunja nguvu ya bangi. Kazi ya hospitali ni kulinda pumzi, moyo na maji ya mwili mpaka iishe. Kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi daktari akijua anapambana na nini. Ninajua kinachowazuia wazazi: aibu ya mtaa, na hofu kwamba askari atafuata. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Aibu na askari ni mambo ya kesho, pumzi ya mtoto ni ya sasa.

Mtu mzima aliyekula bila kujua, au aliyezidisha, mara nyingi hupatwa na hofu kubwa, moyo kwenda mbio, na kudhani anakufa. Mkalishe mahali tulivu, mpe maji kidogo kidogo, mwambie kwamba itapita. Asiachwe juu ya dari wala karibu na ngazi, asiogelee, asishike usukani wa mashua wala pikipiki hadi siku ya pili. Akiwa ana maumivu ya kifua, anazimia, anaona vitu visivyokuwapo, au ana maradhi ya moyo, apelekwe hospitali. Mjamzito naye apelekwe akaangaliwe.

Kuhusu kuitambua: samli iliyotiwa bangi mara nyingi huwa na rangi ya kijani na harufu ya majani. Lakini usitegemee pua. Hiliki na kungumanga zinaweza kuifunika harufu hiyo kabisa.

Sheria inasemaje

Nchini Kenya bangi inatawaliwa na sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 1994, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022. Aliyepatikana nayo na akairidhisha mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe anaweza kufungwa hadi miaka mitano au kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000. Anayeiuza au kuisambaza yuko katika kundi jingine, lenye faini za mamilioni na vifungo virefu. Sheria haitofautishi kuvuta na kula; inamtaja anayevuta, anayenusa na anayetumia kwa namna nyingine yoyote. Na anayepika keki na kuwauzia wenzake chuoni asijidanganye kwamba yeye ni mpishi tu. Mbele ya mahakama anaweza kuwa mlanguzi.

Wenye nyumba za wageni wasome hapa kwa makini. Sheria hiyohiyo inamgusa mwenye nyumba au msimamizi anayeruhusu mahali pake patumike kutengenezea, kuuzia au kutumia dawa hizi. Mgeni anaweza kukuambia kwamba kwao ni halali, na huenda anasema kweli: Canada imeruhusu tangu 2018, Ujerumani tangu 2024, na majimbo mengi ya Marekani yameruhusu. Lakini sheria ya kwao haikupanda ndege pamoja naye. Mjibu kwa adabu kwamba jiko lako haliwezi kutumika kwa kazi hiyo, na mfahamishe mapema, kabla hajafungua mkoba.

Dini inasemaje

Katika hili wanachuoni wametangulia zamani. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba kila kinacholevya ni haramu, na kwamba kinacholevya kwa wingi, uchache wake pia ni haramu. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliandika kwa ukali dhidi ya hashishi, ambayo wakati ule ililiwa zaidi kuliko kuvutwa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, az-Zarkashi, aliyefariki mwaka 1392, aliandika kitabu kizima juu ya uharamu wake. Kwa hivyo hoja kwamba "Qurani imetaja mvinyo, haikutaja bangi" ilikwisha kujibiwa miaka zaidi ya mia sita iliyopita, na ilijibiwa ikiwa inazungumziwa bangi ya kula hasa.

Kina mama hupenda kuuliza pia kuhusu vyombo. Wanachuoni wengi wa Kishafii wamesema kwamba bangi si najisi, kwa kuwa si kimiminika, ingawa kuitumia kwa ulevi ni haramu. Sufuria ikioshwa vizuri inatosha. Mwenye shaka amuulize sheikh wa mtaa wake.

Na aliyelishwa bila kujua hana dhambi. Mwenye mzigo ni aliyemlisha. Nalisema hili kwa sababu nimesikia vijana wakicheka kwamba walimtilia mwenzao katika keki "aone". Kumlevya mtu bila ridhaa yake ni dhuluma, na likitokea baya, ni kosa la jinai.

"Lakini si ni dawa?"

Swali hili linastahili jibu la haki. Ni kweli kwamba kuna dawa zinazotokana na bangi. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya aina fulani za kifafa cha watoto, inayotokana na kanabidioli, kemikali nyingine ya mmea huo isiyolevya kama THC. Kuna pia dawa za THC za kupunguza kichefuchefu kwa wagonjwa wa saratani. Lakini dawa hizo hupimwa kwa miligramu, hutolewa na daktari, na hufuatiliwa. Tofauti yake na siagi ya chumbani ni kama tofauti ya sindano ya hospitali ya kupunguza maumivu na ile ya uchochoroni. Mwenye mgonjwa wa saratani anayeteseka kwa maumivu aulize hospitali kuhusu huduma za kupunguza maumivu.

Sahani ya jirani

Nimeandika haya yote kwa sababu ya jinsi tunavyoishi. Katika mji wetu chakula hakikai nyumba moja. Ramadhani sahani hupita kutoka mlango hadi mlango kabla ya Magharibi. Siku ya Idi mtoto hutumwa na vileja kwa jirani, na hurudi na visheti vya huko, ameshakula viwili njiani. Wakati wa Maulidi tunawalisha watu tusiowajua majina. Hakuna anayeuliza "umetia nini humu". Tukianza kuulizana hivyo, tutakuwa tumepoteza kitu ambacho hakuna mahakama itakayoturudishia.

Kwa hivyo siwaombi watu waanze kushuku kila sahani. Naomba vijana wetu waelewe kwamba kuitia bangi katika chakula, katika mji wa namna hii, ni kuiweka katika sahani ya bibi mwenye shinikizo la damu na ya mtoto wa miaka mitatu. Naomba wazazi wazungumze na watoto wao wakubwa, hasa wanaorudi likizo kutoka vyuoni, bila kungoja kukuta kitu mkobani. Na mwenye kijana aliyekwisha kuzama, asimfungie ndani wala asimfukuze. NACADA ina nambari ya simu ya bure, 1192, inayotoa ushauri, na hapa Pwani wako watu waliobobea katika kazi ya kuwarudisha vijana, baadhi yao wakiwa wamepita njia hiyohiyo.

Ikatwe sehemu ya dalili na la kufanya, ibandikwe jikoni. Mwenye simu ampigie jamaa yake wa Kizingitini au Kiunga amsomee.